Kukonda Kulinivunja Mkono

Juzi msomaji wa Nakuru aliniandikia: "Dada, nimejinyima chakula, kilo 11 zimeenda. Mbona hunipongezi?" Sikupongezi, mdogo wangu. Keti nikwambie.

Mwaka 2021 nilitaka gauni la harusi ya binamu yangu linitoshe. Strungi asubuhi, ndizi moja mchana, usiku maji ya moto. Miezi saba. Gauni liliingia na Nyalenda nzima ikajua. Picha ninazo na, kusema kweli, nilipendeza. Hedhi ilikatika, nikaona nimepunguziwa gharama. Kisha nikateleza kwenye matope ya Kibuye, nikajikinga kwa mkono wa kulia. Ka! Kama kuni kavu. Nina miaka 34, nimeanguka kimo changu tu, mfupa umekatika. Daktari wa kwanza alinifunga plasta akasema ninywe maziwa. Hata hakuuliza ninakula nini. Hilo halijaniisha rohoni.

Wa pili ndiye aliyenifumbua macho. Ukigonga mfupa wa ng'ombe kwenye supu, unatoka uboho wa manjano. Yale ni mafuta, nasi tunayo: kwa mtu mzima asiye mnene, ni karibu asilimia 10 ya mafuta yote ya mwili. Ndani ya uboho kuna seli shina zilizo njia panda, ziwe seli za kujenga mfupa au ziwe seli za mafuta. Ukijitesa kwa njaa na estrojeni, ile homoni ya kike inayoendesha hedhi, ikashuka, nyingi zinakwenda kwenye mafuta. Yaani mashavu yangu yakibonyea, mifupani mafuta yanaongezeka! Na hayakai bure: hutoa kemikali zinazoamsha seli zinazomung'unya mfupa. Uzee na dawa za steroidi za muda mrefu huleta hali hiyohiyo.

Basi kuleni. Omena na mifupa yake, ugali, mboga ya osuga, maharagwe. Tena fanyeni mazoezi, maana hupunguza mafuta hayo ya ubohoni. Mimi kila Jumamosi napanda kilima cha Riat kwa miguu. Wa boda wanaonicheka, wacheke. Na kuleni, nimeshasema? Nyinyi mnaoshindana kuonyesha mifupa ya shingo kwenye picha, hiyo mifupa mnaijua ndani ikoje?

Wewe wa Nakuru, hukuniambia kama hedhi yako bado inakuja. Nijibu hilo kwanza, habari za kilo baadaye.