Panga Porini: Maswali ya Wasomaji kuhusu Kufyeka Njia

Barua za toleo hili zimeshikana kwenye kazi moja: kufungua njia ya miguu porini kwa panga. Tumechagua zile ambazo majibu yake yanawafaa wengi.

SWALI: Nina panga jipya, bapa lake sentimita 45. Nyasi linazilaza badala ya kuzikata, na kwenye miti midogo linadunda. Je, chuma chake ni kibovu?

JIBU: Ndugu msomaji, usiharakishe kulirudisha dukani. Mapanga mengi hutoka kiwandani yakiwa yamechongwa makali ya kuanzia tu, na kazi ya kuyanoa huachiwa mnunuzi. Chukua rula upime upana wa ule mteremko unaong'aa, kuanzia pale bapa linapoishia mpaka kwenye makali yenyewe. Panga la unene wa milimita 2 lililonolewa kwa digrii 20 kila upande lina mteremko wa karibu milimita 3. Ukipata milimita 2, pembe yako ni digrii 30. Ukipata pungufu ya hapo, una kabari mkononi: itapasua kuni, lakini nyasi itazilaza kama ulivyoona.

Dawa yake ni tupa bapa ya sentimita 25 yenye meno ya mistari ya upande mmoja. Ile ya mistari inayopishana hukwaruza mno na kuacha makali ya kimsumeno. Hakikisha tupa ina mpini, kwa sababu mkia wake umechongoka, na tupa ikikwama ghafla mkia huo huingia kiganjani. Mkono wa tupa uvae glavu nene.

Bana panga kwenye jiliwa, au lilaze juu ya meza na ulikaze kwa klampu, makali yakitokeza nje. Paka makali wino wa kalamu nene pande zote mbili. Weka tupa iguse makali huku ikiwa imeinuka upande wa mgongo wa panga. Kama bapa lina upana wa sentimita 7, nafasi kati ya tupa na mgongo iwe sentimita 2.5 hivi, na hapo umeshapata digrii 20 bila kifaa chochote cha kupimia. Sukuma tupa mbele huku ikiteleza kutoka upande wa mpini kuelekea ncha, kisha iinue unapoirudisha. Tupa hukata ikienda tu, na ukiiburuta kurudi unaua meno yake bure. Halafu tazama wino. Ukifutika juu karibu na bapa peke yake, tupa imelala mno. Ukifutika kwenye ukingo peke yake, umeinua mno.

Endelea upande huohuo mpaka upande wa pili utoke uzi mwembamba wa chuma. Hauonekani vizuri kwa macho, lakini ukipitisha kucha kutoka kwenye bapa kwenda nje, inakwama. Uzi huo ukienea urefu wote wa makali, geuza panga ufanye upande wa pili, kisha uuondoe kwa jiwe la kunolea, mapitio machache mepesi kila upande. Wengi hukosea hapa: wanaacha uzi ule, panga linakata vizuri kwa dakika tano, uzi unakunjika, nao wanadhani chuma ni laini. Sentimita 5 za karibu na mpini ziache butu. Hazikati kitu cha maana, na ndipo vidole huteleza.

Jaribio ni bua moja la nyasi lililosimama peke yake. Panga lililonolewa hulikata bila kuliyumbisha. Ukiwa kazini, lete tupa mfukoni, na kila nusu saa pitisha mara nne au tano kila upande. Ni dakika mbili. Ukingoja life kabisa, ni nusu saa.

SWALI: Fundi ananoa kwa grainda kwa dakika tatu tu. Kuna ubaya gani?

JIBU: Ubaya ni joto. Makali ni sehemu nyembamba kuliko zote, kwa hiyo ndiyo hupata moto kwanza. Ukiona ukingo umegeuka bluu, umefika karibu digrii 300 za Selsiasi, na kutoka hapo hadi joto linaloua ugumu wa chuma ni sekunde. Makali yaliyoungua hunoleka haraka na kukunjika haraka, na hayatengemai mpaka usage sehemu yote iliyoungua. Kama ni lazima grainda itumike, fundi aguse kwa sekunde mbili, achovye kwenye maji, na ashike karibu na makali kwa mkono mtupu. Mkono ukishindwa kuvumilia, asimame. Sisi tunapendekeza grainda kwa kuondoa mapengo makubwa tu, kisha tupa imalizie.

SWALI: Baada ya robo saa mkono unakufa ganzi na kiganja kinatoka malengelenge. Nina nguvu za kutosha, nafanya kazi za mikono kila siku.

JIBU: Pengine nguvu hizo ndizo zinazokuchosha, kwani panga hukata kwa kasi ya ncha. Anayebana mpini kwa vidole vyote anazuia kifundo cha mkono kisigeuke, basi panga linasafiri polepole na bega linabeba kila kitu. Shika kwa kidole gumba na cha shahada, na vidole vitatu vya nyuma vilegee kidogo. Pigo lianze begani, lipite kwenye kiwiko, limalizie kwenye kifundo. Pale tu panga linapokaribia kugusa, vile vidole vitatu vinafunga na kuirusha ncha mbele. Ukisikia mlio wa “fyu” hewani, umepata. Ukisikia kishindo tu, bado unabana.

Piga nyasi chini, sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, kwa mshazari. Bua ni gumu karibu na shina lake na linasimama kupokea makali, lakini juu ni laini na litainama. Mkono wa pili upe upembo, yaani kijiti chenye kulabu kama cha kuangulia matunda, urefu wa mita moja hivi. Kwa huo unavuta nyasi na mimea inayotambaa, unaikaza, unaikata, unaisukuma kando, na kiganja chako hakikaribii makali hata mara moja. Upembo huo pia ndio wa kupekulia kichaka kabla ya kukipiga, kwa sababu ya nyoka, nyigu na waya uliofichwa na majani. Kwa mtu aliye na kifaa kimoja tu na anataka cha pili, tungemwambia upembo kabla ya panga lingine lolote.

Kuhusu malengelenge, tazama mpini wenyewe. Vanishi ya kiwandani huteleza na jasho na kuchubua ngozi. Ikwangue kwa msasa mpaka mbao zitokee, lainisha kingo kali na vichwa vya ribiti vilivyochomoza, kisha paka mafuta ya kitani, uyaache yakauke. Mbao zikilegea kwenye ribiti, gonga ribiti zikaze siku hiyohiyo, maana mpini unaocheza hukata ngozi kwanza, kisha hupasuka katikati ya pigo.

SWALI: Miche ya miti inanisumbua. Panga linanasa katikati, na nikilichomoa kwa nguvu linapinda.

JIBU: Unapiga kwa pembe ya mraba. Mti umejengwa kwa nyuzinyuzi zinazopanda juu, na ukizikata moja kwa moja kwa upana zote zinakupinga kwa pamoja. Piga kwa mshazari wa digrii 45 hivi, kutoka juu kwenda chini. Mche wa unene wa kidole gumba uinamishe kwa mkono wa pili, ukiushika angalau sentimita 60 juu ya mahali utakapopiga, kisha piga upande wa nje wa upinde, ule uliovutika. Nyuzinyuzi zilizokazwa huachia zenyewe makali yanapozigusa. Ukipiga upande wa ndani, uliobanwa, mti unalifumba panga, na huko ndiko kunasa kwako.

Unene wa sentimita 3 hadi 5 unataka mapigo mawili au matatu yanayopishana, moja la mshazari kwenda chini, jingine la mlalo kidogo, ili kibanzi kiruke na nafasi ifunguke. Zaidi ya sentimita 7, tumia msumeno wa kukunja. Panga likinasa, lisokote? Hapana: lisukume juu na chini kwa mstari wa makali yake, usilipindishe kando, kwa sababu bapa la milimita 2 halina uwezo wa kuhimili kupindishwa. Na mche uliokandamizwa na gogo lililoanguka usiuinamishe wala kuukata kwa pupa. Umebeba nguvu kama upinde wa mshale, na ukiachia huruka usoni.

Sasa neno kuhusu kile unachokiacha nyuma. Ule mshazari unaokata vizuri huacha kigingi kilichochongoka. Mtu akiteleza jioni na kuangukia mkono au goti, kigingi hicho humwingia. Hili ndilo kosa tunaloliona kubwa kuliko yote katika ufyekaji wa njia, kwa sababu halimwadhibu aliyelifanya. Kata kwanza kwenye usawa wa goti ili upate nafasi, halafu rudi chini na msumeno ukate sawa na ardhi. Usipokuwa na msumeno, piga mlalo chini kabisa, kisha ponda kilele kwa mgongo wa panga mpaka kiwe butu. Mianzi iangalie zaidi, maana kingo zake zilizokatwa ni kali kama wembe.

SWALI: Je, kukri au parang ni bora kuliko panga la bapa?

JIBU: Inategemea kinachoota njiani. Kukri ya Nepal ina bapa la sentimita 25 hadi 30, mgongo mnene wa milimita 6 hadi 10, na uzito umesukumwa mbele kwenye ule mpindo wake. Kwa mti mkavu na matawi magumu inapiga kama shoka dogo. Kwa nyasi na mimea laini inakuinamisha siku nzima kwa ufupi wake, na uzito wake unapunguza kasi. Parang ya Malaysia na Indonesia iko katikati, nene kuliko panga na ndefu kuliko kukri. Kumbuka kwamba ukiongeza uzito mara mbili, nishati ya pigo huongezeka mara mbili, ila ukiongeza kasi mara mbili, huongezeka mara nne. Ndiyo sababu bapa jembamba na refu hushinda kwenye mimea ya kijani. Kwa njia mchanganyiko, panga la sentimita 45 pamoja na msumeno mdogo vitamaliza kazi ambayo kukri peke yake itaisumbukia.

SWALI: Tunafyeka tukiwa kikundi cha watu sita. Tukae vipi, na je, kamba ya kufunga panga mkononi inasaidia?

JIBU: Mkono, mpini, bapa na mwinamo wa mwili hufikia mita 1.5 kwa urahisi, na panga likiponyoka linaruka zaidi. Wafyekaji wawili wasikaribiane chini ya mita 4, na anayetaka kupita aite, ajibiwe, ndipo apite. Mmoja au wawili wafyeke mbele, waliobaki wavute taka nyuma yao, na mbadilishane kila dakika 20 hadi 30. Ajali hupenda mkono uliochoka.

Kabla ya kila pigo tazama litakapoishia likikosa. Kwa mtu wa mkono wa kulia, pigo linaloshuka kutoka kulia kwenda kushoto humalizikia ugoko wa kushoto, kwa hiyo mguu wa kushoto ukae nyuma. Pigo la kurudi linadai mguu wa kulia ndio uwe nyuma. Kamba iliyofungwa kwenye kifundo hatuipendi, kwani panga likiponyoka hubaki likining'inia na kuzunguka karibu na mwili wako. Kama mvua inakulazimisha, pitisha kitanzi kwenye kidole gumba na nyuma ya kiganja, ambako kinaweza kuvuka na kuachia. Unapolichomoa panga kwenye ala, shika ala upande wa mgongo, usiizungushie vidole, kwa sababu makali huweza kupasua mshono. Beba shashi na bandeji pana. Jeraha la panga hubanwa moja kwa moja kwa nguvu, bila kufunuafunua, huku majeruhi akipelekwa hospitali.

SWALI: Njia iwe pana kiasi gani, na matawi yaliyokatwa tuyaweke wapi?

JIBU: Kwa watembea kwa miguu, upana wa mita 1.2 na kimo cha mita 2.5 vinatosha, mradi mwenye ardhi au mamlaka ya hifadhi ameruhusu. Kimo kisipunguzwe, kwa kuwa matawi huinama yakilowa. Tawi la mti unaobaki likate karibu na shina, ukipiga kwanza kutoka chini ili gome lisichunike. Taka zitupe upande wa mteremko, mbali na macho, ncha zilizokatwa zikitazama nje ya njia, na zisizibe mahali maji yanapotokea.

SWALI: Utomvu unaganda kwenye bapa na kutu inaanza chini yake.

JIBU: Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa jioni ileile, kausha, kisha paka mafuta mepesi. Utomvu mweupe wa mimea usiuguse kwa mkono na kuupeleka machoni, na kama mmepita kwenye upupu, osha panga na ala kabla ya kuvishika tena. Ala ya ngozi si mahali pa kuhifadhia panga, maana hunyonya unyevu na kuuweka kwenye chuma usiku kucha. Litundike nje ya ala, makali yakitazama ukutani.