Mtambo utawashwa mara ngapi kwa mwaka?

SWALI: Mhandisi, tunasambaza gesi asilia kwa bomba. Miezi ya joto matumizi hushuka, baridi ikiingia gesi haitoshi. Tunataka kugeuza tani 100 kwa siku kuwa kimiminika, kwa siku 200, tuihifadhi kwenye tangi. Muuzaji mmoja anasifia mzunguko wa kipoozaji mchanganyiko, mwingine wa naitrojeni. Tuchukue upi?

JIBU: Kabla ya hao wawili, tazama presha ya bomba lenu linapoingia kwenye mtandao wa mji. Kama mnaishusha kwa valvu tu, mnatupa nguvu ambayo turbaini ingeweza kuigeuza kuwa ubaridi, karibu bila umeme. Ila njia hiyo hugeuza kuwa kimiminika takriban sehemu moja ya kumi tu ya gesi inayopita, na iliyobaki lazima ipate mlaji upande wa pili. Miezi ya joto walaji ndio hao wamepungua. Kwa tani 100 sidhani itawatosha.

Mfumo wa kupoza kwa ngazi tatu, wa propani, ethilini na methani, waachieni wenye mitambo mikubwa ya kusafirisha nje.

Sasa hao wawili. Naitrojeni haiungui, hubaki gesi mzunguko mzima, na mtambo wake huwaka na kuzimika bila visa. Gharama yake ni umeme. Tuseme inakula uniti 0.15 zaidi ya mchanganyiko kwa kila kilo: hizo ni uniti 15,000 kwa siku, milioni 3 kwa msimu. Zidisheni kwa bei yenu ya umeme.

Kipoozaji mchanganyiko (naitrojeni, methani, ethani, propani na butani) kinaokoa umeme huo, lakini kina deko. Mtambo ukizimwa ukapata joto, presha hupanda, na mkiipunguza vile vyepesi ndivyo hutoka kwanza, kwa hiyo mchanganyiko unabadilika. Nimewahi kukesha chumba cha udhibiti nikiongeza ethani kidogo kidogo, macho kwenye mistari miwili ya halijoto, ya upande wa joto na ya upande wa baridi, iliyogoma kukaribiana.

Usumbufu huo hulipwa kila mnapowasha. Mkiwasha mara moja na kwenda siku 200 mfululizo, mimi ningechukua mchanganyiko. Mkipanga kuzima kila umeme unapopanda bei, chukueni naitrojeni.

Usafishaji hauna mjadala kwa vyovyote: kabonidayoksaidi isizidi sehemu 50 katika milioni, maji yasifike hata 1, la sivyo vitaganda ndani ya kibadilisha joto, pale gesi inapopoozwa. Zebaki nayo iondolewe, inakula alumini ya kibadilisha joto hicho.

Halafu tangi. Likijaa tani 20,000 kwa nyuzi 162 chini ya sifuri, na asilimia 0.05 ichemke kila siku, hizo ni tani 10, yaani sehemu ya kumi ya mnachozalisha. Gesi hiyo inahitaji kompresa ya kuirudisha kwenye mtandao. Waulizeni wauzaji wote wawili kama kompresa hiyo imo kwenye bei yao.