Mig au rodi kwa chesisi ya Canter iliyopasuka?

Ndugu yangu, kwa kuwa unachomea nje uani hapo Likoni, wacha hiyo mig (mashine ya waya na gesi ya kukinga weldi) ya ampea 140. Upepo wa bahari hupeperusha gesi na weldi hutoka na vitobo. Mbaya zaidi, kwenye chuma cha milimita 6 hulala juu tu bila kushika ndani, na kwa macho utaiona nzuri. Tumia rodi E7018 ya milimita 3.2, mashine ya DC (umeme wa mkondo mmoja), rodi kwenye chanya, ampea 110 hadi 130.

Unyevu wa Mombasa ndio adui wa rodi hizi. Zikiunyonya, haidrojeni huingia kwenye chuma na ufa mpya hutokea kando ya weldi, pengine kesho yake. Zilizokaa wazi zikaushe kwenye oveni ya rodi, nyuzi 350 za Selsiasi, saa moja.

Chomoa betri. Toboa tundu la milimita 6 mwisho wa ufa, la sivyo ufa utaendelea kukimbia. Saga mfereji wa V kufuata ufa mpaka chini, kutu yote iishe, ndipo uchomee. Ukiweka kiraka cha chuma juu yake, kikate ncha za mshazari. Mstari wa weldi uliosimama wima hufanya chesisi ikatike kwenye mstari huo.

Lori kubwa lenye chesisi ya chuma kilichopitishwa motoni kiwandani, usiliguse bila mwongozo wa mtengenezaji.