Mafuta Yaliyojificha Kwenye Pakiti: Maswali ya Wasomaji Wanaokula Mimea Pekee Bila Mafuta

SWALI: Nakula vyakula vya mimea tu na sipikii mafuta kabisa. Nimeshika pakiti ya maziwa ya oti, jedwali lake linasema mafuta ni gramu 1.5 kwa kila mililita 100. Najua oti zenyewe zina mafuta. Nitatofautishaje ya oti na ya kuongezwa?

JIBU: Kiswahili kinatuchanganya kidogo hapa, kwa sababu neno ni moja: mafuta yaliyomo ndani ya punje ni mafuta, na yaliyokamuliwa yakatiwa kwenye chupa ni mafuta pia. Jedwali la virutubishi nalo linayajumlisha. Kinachoyatenganisha ni orodha ya viambato, basi isome hiyo kwanza, kabla ya jedwali na kabla ya maandishi makubwa ya mbele. Ukiona alizeti, kanola, mawese au nazi ikitanguliwa na neno mafuta, jibu umeshalipata.

Ukitaka kujua ni kiasi gani, piga hesabu. Oti kavu zina mafuta ya asili karibu gramu 7 kwa kila gramu 100. Tuseme pakiti imeandika kwamba oti ni asilimia 10 ya kinywaji. Katika mililita 100 kuna takriban gramu 10 za oti, na ndani yake mafuta ya asili gramu 0.7. Jedwali limesema 1.5. Ile 0.8 iliyobaki imemiminwa kiwandani. Kwa lita nzima ni gramu 8, karibu vijiko viwili vya chai. Maziwa yanayouzwa kwa ajili ya povu la kahawa huwa na zaidi, maana mafuta ndiyo yanayoyapa uzito mdomoni.

Hesabu hiyo inafaa kwa vyakula vingine pia ukijua kiasi cha asili katika gramu 100: unga mweupe wa ngano kama gramu 1, ngano nzima 2 hadi 2.5, maharage yaliyochemshwa chini ya 1, soya kavu karibu 20, karanga na ufuta karibu 50. Biskuti za ngano nzima zisizo na njugu wala mbegu zikionyesha gramu 14, usihangaike kutafuta maelezo. Zimetiwa mafuta.

Mitego miwili kwenye orodha yenyewe. Wa kwanza ni mabano. Ukisoma «nyanya zilizokaushwa», usiishie hapo; fungua mabano yanayofuata, utakuta nyanya, mafuta ya alizeti, chumvi. Wa pili ni mkia wa orodha. Viambato hupangwa kwa uzito, kizito kikitangulia, na wengi hudhani kilichoandikwa baada ya chumvi lazima kiwe kidogo kuliko chumvi. Si lazima. Katika Umoja wa Ulaya viambato vilivyo chini ya asilimia 2 vinaweza kuandikwa mwishoni kwa mpangilio wowote, na Marekani inaruhusu jambo kama hilo mradi pakiti itangaze kiwango hicho. Asilimia 2 ya mkate wa gramu 500 ni gramu 10. Kwa mtu anayeepuka mafuta, hicho si kiasi cha kupuuza.

SWALI: Mkate wangu hauna mafuta kwenye orodha, lakini una lesithini na E471. Je, hayo ni mafuta?

JIBU: Ni jamaa wa karibu. Herufi E na namba ni msimbo wa kiongezeo cha chakula. E471 ni monogliseridi na digliseridi, yaani mafuta yaliyovunjwavunjwa ili yaweze kushikana na maji. E472e na E481 hutengenezwa kwa asidi za mafuta vilevile. Waokaji huvitumia ili mkate ukae laini kwa siku kadhaa, na kwa kawaida havifiki asilimia 1 ya uzito wa unga. Katika slesi moja ni sehemu ndogo ya gramu. Lesithini, ambayo ni E322 na nayo hushikanisha mafuta na maji, hutoka zaidi kwenye soya au alizeti, na ile ya majimaji huja na mafuta ya mmea wake.

Ushauri wetu: kama unaepuka mafuta kwa sababu ya wingi wa nishati, lesithini isikunyime usingizi. E471 ni suala jingine kwa mla mimea, kwa kuwa asidi zake zinaweza kutoka kwenye mawese au kwenye mafuta ya ng'ombe, na namba haisemi ni ipi. Bila alama ya kuthibitisha kwamba bidhaa ni ya mimea tupu, iulize kampuni au iache rafuni. Glisarini, E422, wasomaji wengi huiogopa bure: hata ikitengenezwa kwa mafuta, yenyewe si mafuta. Ila nayo inaweza kutoka kwa mnyama.

SWALI: Kwa nini zabibu kavu zina mafuta ya alizeti? Nikiziosha yatatoka?

JIBU: Sukari ya zabibu huvuja juu ya ganda na kuzigandamanisha, kisha zinakwama kwenye mashine ya kujazia pakiti. Mafuta kidogo huzifanya ziteleze. Kuzisugua ndani ya maji ya vuguvugu huondoa sehemu tu, kwa sababu maji hayayeyushi mafuta. Ukizishuku, bonyeza chache juu ya karatasi nyeupe, uziondoe, uache karatasi ikauke. Unyevu utatoweka, doa la mafuta litabaki, na ukiliinua kwenye mwanga litapitisha nuru.

SWALI: Kopo la mafuta ya kupuliza linasema mafuta 0. Linawezekanaje?

JIBU: Kwa ukubwa wa mgawo, yaani kiasi ambacho pakiti inahesabu kuwa utatumia mara moja. Marekani, chini ya gramu 0.5 kwa mgawo huruhusiwa kuandikwa 0, na mgawo wa makopo hayo huwa mpulizo wa robo sekunde, karibu gramu 0.25. Hakuna anayepuliza robo sekunde. Shikilia kitufe kwa sekunde 4 uzungushe kikaango, umeweka gramu 4 hivi za mafuta. Popote ulipo, soma safu ya gramu 100 kama ipo, usisome safu ya mgawo.

SWALI: Vipande vya mraba vya kukoleza mchuzi vimeandikwa kwa herufi ndogo mno, na pakiti ya nje nimeshaitupa. Naweza kuvipima nyumbani?

JIBU: Unaweza. Ponda kipande kimoja ndani ya glasi, mimina mililita 200 za maji yanayochemka, koroga hadi kiyeyuke, uache dakika 10. Tazama uso wa maji kwa mshazari, taa ikiwa upande wa pili wa glasi. Vijiduara vinavyong'aa na kuunganaunganika ukivigusa kwa ncha ya kijiko ni mafuta. Kisha weka glasi kwenye friji usiku kucha. Mawese, ambayo viwanda huyapenda kwa kuwa hushikilia umbo la kipande, huganda na kuwa utando mweupe unaoweza kuuinua kwa kisu. Alizeti haigandi hivyo. Vijiduara vitabaki vilevile.

Lakini kipimo hiki kinathibitisha kuwapo kwa mafuta, hakithibitishi kutokuwapo. Kipande kikiwa na kiambato cha kushikanisha mafuta na maji, mafuta hutawanyika, mchuzi ukawa na ukungu tu bila kijiduara hata kimoja. Unga wa vitunguu, uyoga mkavu uliosagwa, chumvi na pilipili manga hukoleza mchuzi bila mashaka hayo.

SWALI: Siagi yangu ya karanga imeelea mafuta juu. Wameniongezea?

JIBU: La, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni karanga tupu. Mafuta yake ya asili hupanda yenyewe. Ishuku zaidi ile inayokaa miezi bila kujitenga, maana mara nyingi imetiwa mawese au mafuta yaliyotiwa haidrojeni ili yagande. Geuza chupa kichwa chini siku moja kabla ya kuikoroga.

SWALI: Niwaandikie nini watengenezaji ili wasinijibu juu juu?

JIBU: Usiulize kama bidhaa «ina mafuta», kwa sababu watakusomea jedwali. Uliza mambo matatu kwa maneno haya: kuna mafuta yoyote yanayotumika ndani ya vionjo au vitamini kama kibebeo, trei na mashine hupakwa mafuta gani, na je, kiambato chochote hukaangwa kabla ya kufika kwenu? Hilo la tatu ndilo linalonasa viazi vilivyogandishwa, vitunguu vya kunyunyizia, na tambi za papo hapo, ambazo zikikaangwa huwa na mafuta asilimia 15 hadi 20. Zile zilizokaushwa kwa hewa hutamka hivyo kwenye pakiti.