Maswali ya Wasomaji: Nyufa Kwenye Mdomo wa Kinyago

SWALI: Ninafinyanga kwa mkono vinyago vinavyofuata umbo la ganda la mbegu za mjakaranda, lile bapa linalofunguka ukingoni na kuacha mdomo uliojikunja. Kila nikiufanya mdomo huo mwembamba kama wa ganda lenyewe, huingia nyufa kabla ya kukauka, na kinyago kimoja kilichosalimika kililipuka tanurini. Nimeambiwa kwamba mapovu ya hewa ndiyo chanzo. Je, ni kweli?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, hewa husingiziwa mengi, kinacholipua kinyago ni maji. Unyevu uliobaki ndani ya ukuta hugeuka mvuke joto likikaribia nyuzi 100 (hapa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, hata mapema kidogo), na mvuke huo ukikosa pa kutokea huubomoa ukuta. Kabla ya kuchoma, kiguse kinyago kwa shavu: ukihisi ubaridi, bado kina maji. Hata kikionekana kikavu, tuliza moto kwenye nyuzi 80 kwa saa kadhaa, na kama kina uvungu uliofungika, utoboe tundu dogo upande wa chini.

Nyufa ni jambo jingine. Udongo husinyaa unapokauka, na ukingo mwembamba husinyaa wakati kitako kingali kimelowa, kwa hiyo vuta nikuvute baina yao huishia kwenye ufa. Funika mdomo kwa nailoni, uache kitako wazi, na ukikalishe kinyago juu ya gazeti ili kiteleze kinapojikusanya. Ukichanganya udongo na chenga za vigae vilivyochomwa na kusagwa, kusinyaa kwake kutapungua. Jua kali la Februari ni adui. Mawingu ya Julai yatakufaa, ingawa yanataka subira.

Hata hivyo, naona umejitwika kazi isiyo ya lazima. Wembamba wa ganda ni wa mti, na udongo haudaiwi kuuiga. Mtazamaji huupima unene wa kitu kwa kuangalia ukingo wake tu, basi jenga ukuta wa karibu sentimita moja, na udongo ukishakuwa mgumu kiasi cha kushikika bila kubonyea, paruza mdomo kwa kisu kutoka upande wa ndani, upana wa kidole kimoja, bila kuugusa mkunjo wa nje.