Maswali na Majibu: Njia za mabasi zisizolipa zifutwe?

SWALI: Mimi ni diwani, nimo kwenye kamati ya fedha ya jiji lenye foleni kali. Nauli inayokusanywa na shirika letu la mabasi inatosha nusu tu ya gharama. Nusu nyingine tunaitoa sisi kama ruzuku. Mshauri tuliyemwajiri ameleta jedwali la njia zote, zisizolipa amezipaka rangi nyekundu. Anapendekeza tupunguze safari za njia hizo kwa nusu, ruzuku ifutwe ndani ya miaka mitatu, na usafiri uachiwe watu binafsi. Wenzangu wameshawishika, maana wenye mabasi madogo wanapata faida bila kupewa senti. Nasikia wachumi wakisema "kushindwa kwa soko", lakini hapa soko naona linafanya kazi. Je, kuna hoja ya kitaalamu ya kuendelea kulipa?

JIBU: Mheshimiwa, jedwali hilo la rangi nyekundu nalijua. Nimeletewa ya aina yake mara nyingi, na siku hizi naanza kwa kutafuta safu ambayo haimo. Dizeli imo, matairi yamo, mishahara na vipuri vimo, mapato ya nauli yamo. Muda wa abiria haumo. Dakika ambazo watu wanasimama kituoni hazimwandikii mhasibu ankara, kwa hiyo kwake hazina bei. Lakini usafiri wa mabasi hauzalishwi na dereva na dizeli peke yake. Abiria naye anatoa malighafi, nayo ni muda wake, na mara nyingi mchango wake ndio mkubwa kuliko yote.

Tuipitishe hesabu ya mshauri kwenye njia moja ya mfano. Kwa saa moja kuna abiria 240 na mabasi 6, kila basi watu 40, basi moja kila dakika 10. Mshauri anaona viti vitupu, anasema mabasi 3 yenye watu 80 yanatosha. Abiria anayefika kituoni bila kuangalia ratiba husubiri kwa wastani nusu ya muda ulio kati ya basi na basi. Alikuwa anasubiri dakika 5. Sasa atasubiri 10. Dakika 5 za nyongeza kwa watu 240 ni dakika 1,200, yaani saa 20. Kama kila safari inachukua saa moja, shirika limeokoa saa 3 za basi na wakazi wametozwa saa 20 za maisha yao. Kila saa ya basi iliyookolewa imelipiwa kwa karibu saa 7 za watu. Hiyo ndiyo inaitwa kubana matumizi.

Tena nimemhurumia mshauri, nimechukulia kwamba wote 240 watabaki. Hawabaki. Niliwahi kusimama na daftari la kuhesabia kwenye kituo cha njia iliyokatwa hivyo, jioni ya saa kumi na mbili na nusu. Basi lilikuja limejaa mpaka mlangoni, likapita bila kusimama. Kijana aliyekuwa mbele yangu akatazama simu, akahesabu hela mfukoni, akaita pikipiki. Kesho yake na keshokutwa sikumwona. Kwenye taarifa ya shirika kijana huyo aliandikwa "kupungua kwa mahitaji". Mwaka uliofuata njia ilikuwa nyekundu zaidi ya mwanzo, na kalamu ile ile ikarudi kukata tena.

Herbert Mohring, mchumi wa Marekani, aliieleza hesabu hii mwaka 1972, na hadi leo inabeba jina lake. Abiria wakiongezeka, mabasi yanaongezwa. Mabasi yakiongezwa, kila mtu anasubiri kidogo, hata wale waliokuwepo zamani. Yaani abiria mpya anawaletea wenzake faida ambayo halipwi. Ukimtoza nauli inayofidia gharama zote, unamfukuza mtu ambaye kuja kwake kungewanufaisha wengine. Hapo ndipo ruzuku inapopata mguu wa kwanza wa kusimamia, na huo haugusi huruma kwa maskini wala siasa. (Basi likishajaa pomoni hesabu inageuka, anayeingia anawabana wengine. Lakini hilo ni tatizo la saa chache za kilele, nalo halitibiwi kwa kupunguza mabasi.)

Sasa nije kwenye sentensi yako iliyoniuma, ile ya wenye mabasi madogo. Kushindwa kwa soko si kushindwa kwa wafanyabiashara. Hili nalirudia kila wiki. Soko linaweza kuwa limeshindwa kabisa huku kila muuzaji aliyemo akinenepa, kwa sababu kipimo ni kama gharama zote zimeingia kwenye bei, wala si kama kuna anayepata faida.

Tazama basi dogo likiwa mwanzo wa njia. Dereva ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri jioni, na kinachozidi ndicho chake. Haondoki mpaka kiti cha mwisho kipate mtu. Aliyepanda wa kwanza anakaa dakika 25 akimsubiri asiyemjua, na faida ile mnayoisifu kwenye kamati inatoka kwenye dakika hizo. Njiani, dereva akimwona mwenzake mbele anakimbizana naye amnyang'anye abiria wa kituo kinachofuata. Asipoona mtu anatambaa, akiokota mmoja mmoja. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, kabla ya mfumo wa mabasi yaendayo haraka wa TransMilenio kuanza mwaka 2000, watu waliyaita mashindano haya "vita ya senti". Usiku ukiingia, au njia ikiwa ndefu na watu wachache, hakuna gari. Siwalaumu madereva. Wanaitika malipo yalivyopangwa.

Halafu kuna jambo ambalo wapenda soko huria hawapendi kulisikia: ushindani wa nauli kituoni haufanyi kazi kama wa dukani. Aliyesimama kwenye jua hakatai basi la kwanza eti la pili huenda likawa rahisi kidogo, maana kulikataa kunamgharimu kusubiri. Kwa hiyo mwenye basi hana sababu ya kushusha nauli. Santiago ya Chile ililegeza masharti kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970: mabasi yakafurika barabarani, mengi yakiwa nusu tupu, na nauli nazo zikapanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ikarudi na zabuni za njia. Uingereza iliyaachia soko huria mabasi yake tarehe 26 Oktoba 1986, nje ya London. Nje ya London abiria wakaendelea kupungua, huku London, ambako mamlaka ilibaki na kazi ya kupanga njia na nauli na kampuni binafsi zikashindania mikataba ya kuendesha, idadi ikapanda sana kuanzia miaka ya 1990. Manchester ndiyo ya kwanza kati ya miji mikubwa ya nje ya London kurudisha mabasi mikononi mwa mamlaka, kati ya Septemba 2023 na Januari 2025. Karibu miaka 40 ya kujifunza. Wewe mshauri wako anakupa mitatu.

Mguu wa pili wa ruzuku uko barabarani. Wenzako wakisema kila mtu alipe gharama yake, wakubalie, kisha uwaombe waanze na gari dogo. Gari moja likiingia kwenye foleni na kuwachelewesha wengine 2,000 kwa sekunde 1 tu kila mmoja, limekula zaidi ya dakika 33 za watu, na dereva wake halipi chochote kwa hizo. Arthur Pigou, mchumi wa Uingereza, alishaandika juu ya barabara za namna hii mwaka 1920. Basi lenye watu 50 limekwama kwenye foleni hiyo hiyo, linaunguza dizeli, linapoteza safari, na mwisho wa mwezi linaambiwa halilipi. Mnalitoza basi gharama iliyosababishwa na magari, kisha mnaliita mzigo.

Hata asiyepanda basi ananunuliwa kitu na ruzuku yako. Mwaka 2003 wafanyakazi wa usafiri wa umma wa Los Angeles waligoma kwa siku 35. Ule ni mji wa magari hasa, na usafiri wa umma unabeba sehemu ndogo sana ya safari. Mchumi Michael Anderson alipima barabara kuu kipindi hicho na kukuta ucheleweshaji wa saa za kilele umepanda kwa wastani wa asilimia 47. Abiria wa mabasi na treni hupita kwenye njia zilezile zenye foleni mbaya zaidi. Ukiwatoa kwenye basi wanatua mbele ya gari lako.

Dawa ya kitabuni ni kumtoza mwenye gari foleni anayoisababisha. Singapore ilianza mwaka 1975, London mwaka 2003, Stockholm kwa majaribio mwaka 2006. Stockholm ina funzo linalowakata pande zote mbili. Mabasi ya ziada yaliingizwa Agosti 2005, miezi kadhaa kabla ya tozo, na peke yake hayakupunguza magari kwa kiasi cha kuonekana. Tozo ilipoanza Januari, magari yaliyovuka mpaka wa eneo la tozo yakapungua kwa karibu asilimia 20. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba mabasi mapya tu yatamaliza foleni naye anakuuzia maneno. Nafasi iliyoachwa na gari moja inajazwa na jingine. Hoja ya ruzuku ni kuwahamisha watu wengi kwa muda mfupi. Kumaliza foleni kunahitaji bei, yaani tozo, au nafasi ya barabara.

Nafasi ndiyo ambayo mshauri wako hakuigusa, na ndiyo rahisi kuliko zote. Basi linalofanya safari 5 kwa siku kwenye foleni likitengewa njia yake peke yake barabarani likafanya 8, umeongeza huduma kwa zaidi ya nusu bila kununua basi wala kuajiri dereva. Lakini kuchora mstari wa rangi na kuulinda kunawaudhi wenye magari, na wenye magari wanakaa kwenye kamati.

Wanaopinga ruzuku wana jambo moja la haki, nami siwanyimi. Ruzuku ya kuziba pengo mwisho wa mwaka, haidhuru pengo ni kubwa kiasi gani, inaoza. Nimeona shirika likipokea nyongeza na mabasi yakapungua barabarani. Fedha iliishia ofisini. Lipa kwa kilomita iliyotembea kwa wakati, kwa mkataba, kata malipo ya safari isiyotokea, na zabuni irudiwe kila baada ya miaka kadhaa. Anayeendesha anaweza kuwa mtu binafsi, sina ugomvi naye.

Baada ya mshauri huyu watakuja wengine. Mmoja atasema usafiri wa Hong Kong unajiendesha kwa faida. Muulize kama yuko tayari kuipa kampuni haki za kujenga juu ya vituo, maana faida ile imetoka kwa sehemu kubwa kwenye ardhi. Mwingine atataka nauli iwe bure. Tallinn, mji mkuu wa Estonia, ilifanya hivyo kwa wakazi wake tangu 2013, na wengi wa abiria walioongezeka walikuwa watu waliokuwa wakitembea kwa miguu, si wenye magari. Wa tatu atakuja na picha ya barabara ya juu, nzuri, yenye miti. Wote watatu wanaepuka swali la basi linapita kila baada ya dakika ngapi.

Kabla ya kura, rudisha jedwali liongezwe safu mbili: wastani wa dakika za kusubiri kwenye kila njia, na mwendo wa basi saa za kilele. Haihitaji mradi. Watu wawili kwa kila njia, saa ya mkononi na daftari, wiki moja, tena waanze na zile nyekundu.