Tazameni Mwezi wa Sita

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: ugonjwa mzito ukiingia nyumbani ghafla, familia ianzie wapi ili isifilisike? Jibu langu ni kwamba ianze kuupangia mwezi wa sita wa ugonjwa kabla wiki ya kwanza haijaisha. Baba yetu alipata kiharusi asubuhi akifunga vifungo vya shati. Mkono wa kulia ulikataa, mdomo ukaenda upande, na kabla ya adhuhuri ukoo mzima ulikuwa unatafuta pesa. Yote ninayoyaandika hapa nimeyaona kuanzia siku hiyo.

Saa za kwanza si za kupiga mahesabu. Viharusi vingi hutokana na damu iliyoganda na kuziba mshipa wa ubongo, na dawa ya kuyeyusha bonge hilo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya kichwa kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Hapo pesa yoyote iliyo karibu itoke, hata ile ya ada ya shule. Mimi nazungumzia baada ya hapo, daktari akishasema mgonjwa ametulia. Familia nyingi huharibikiwa wakati huo, maana huendelea kutoa pesa kwa kasi ileile ya usiku wa kwanza. Kila anayekuja kumwona mgonjwa ana hospitali yake anayoisifia, kuna anayetaka chumba cha peke yake, na kuna aliyesikia habari za sindano fulani ya kuamsha mishipa. Hakuna anayethubutu kukataa, asije akaonekana hampendi mgonjwa.

Kwetu, baba mdogo alitoa wazo la kuuza cherehani za mama. Alilitoa kwa upendo, wala simlaumu hata kidogo. Dada yetu mkubwa, ambaye kazi yake ni kutunza hesabu, alimjibu kwa adabu lakini bila kuyumba: "Baba mdogo, cherehani hizi ndizo zitakazomnunulia kaka yako dawa mwakani. Tukiziuza leo, mwakani tutauza nini?" Nimekutana na familia zilizouza kilichokuwa kinawalisha, iwe shamba, pikipiki au mtaji wa duka, wakalipa bili ya hospitali yote, kisha mgonjwa akarudi nyumbani na ndani hamna hata pesa ya vidonge vya presha.

Na kiharusi, kama yalivyo magonjwa mengi mazito, hakiishii mlango wa hospitali. Miezi michache ya mwanzo ndiyo mwili unaporudisha nguvu kwa wingi zaidi, na mazoezi ya viungo ya wakati huo ni tiba kamili. Dawa za presha na za kuzuia damu isigande humezwa kwa miaka, mara nyingi maisha yote, kwa sababu aliyepata kiharusi kimoja yuko kwenye hatari ya kupata cha pili. Anayelala muda mrefu anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa chache asipate vidonda vya kulalia, na kidonda kikishaingia, gharama zake zinaanza upya. Ndiyo maana nasisitiza: kila uamuzi wa pesa unaofanywa wodini upimwe kwa swali moja, kwamba mwezi wa sita tutakuwa na nini mkononi?

Ugonjwa huwa na bili mbili. Moja huletwa na keshia. Ya pili haiandikwi na mtu: nauli za kwenda na kurudi, chakula cha anayelala na mgonjwa, nepi za watu wazima, mshahara uliokatwa, biashara iliyofungwa. Hata vipimo vya kimataifa vilichelewa kuihesabu. Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia walihesabu familia kuwa imelemewa pale matibabu yanapochukua zaidi ya asilimia 10 ya bajeti ya nyumba, au asilimia 25 kwa kipimo kikali zaidi, na kipimo hicho kinatazama kilicholipwa kwa ajili ya tiba tu. Ripoti yao ya pamoja ya 2023 ilikadiria kwamba watu takribani bilioni 2 walitaabishwa na gharama za afya mwaka 2019. Kwenye kifua kikuu ndipo nauli na kipato kilichopotea vilipoingizwa rasmi: gharama zote zikivuka asilimia 20 ya kipato cha mwaka cha nyumba, familia huhesabiwa kuwa imeumizwa. Naona hicho ndicho kipimo cha haki, na kila familia inaweza kukitumia kwa ugonjwa wowote.

Dada alinunua daftari la kawaida, akalipiga mistari: tarehe, kilichonunuliwa, aliyelipa, risiti ipo au haipo. Ukurasa wa nyuma aliuachia bili ya pili, akaandika humo mpaka vocha za simu. Tulikubaliana kwamba yeye pekee ndiye atakayeshika pesa, na kwamba anayekaa kitandani na mgonjwa asiulizwe habari za malipo kabisa. Hili la pili nalithamini sana. Mtu aliyekesha akimfuta baba yake mate hana akili ya kubishana na keshia, na asipewe karatasi ya kusaini saa hizo.

Daftari lilitufaa mapema. Tulipoomba mchanganuo wa bili, mstari kwa mstari, dada alikuta sindano moja inatozwa kila siku ilhali daktari alikuwa ameshaisimamisha, na sisi tulikuwa na tarehe. Waliifuta bila ugomvi. Watu huogopa kuomba mchanganuo wakidhani wataonekana wakorofi, lakini ni haki ya anayelipa. Vilevile muulizeni daktari, kwa heshima, kama kipimo anachoagiza kitabadilisha matibabu, na kama dawa ipo ya kiambata kilekile, yaani kitu kilekile kinachotibu ndani yake, kutoka kiwanda cha bei nafuu. Madaktari wengi hujibu vizuri wakiulizwa hivyo, na wengine hufurahi, kwa sababu dawa ambayo familia haiwezi kuinunua mwezi ujao haitamsaidia mgonjwa.

Mwenye bima asiridhike kwa kuwa na kadi. Asome kikomo cha mwaka ni kiasi gani, kipi kinahitaji kibali kabla hakijafanyika, na kama mazoezi ya viungo baada ya kuruhusiwa yamo. Asiye na bima aulize mapema kama hospitali ina ofisa wa ustawi wa jamii, maana huyo ndiye ajuaye msamaha unaombwaje na malipo ya awamu yanapangwaje, na ni rahisi kusikilizwa kabla deni halijawa kubwa. Mikopo ya haraka yenye riba kubwa iwe ya mwisho kabisa. Kwenye ugonjwa wa muda mrefu unaikopa ukiwa huna kipato, na inadai kabla mgonjwa hajaweza hata kukaa.

Kuhusu michango ya ndugu na marafiki, dada alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona mahali pengine. Wiki ya kwanza kila mtu ana huruma na kila mtu anataka kutoa. Mwezi wa tatu simu hazipokelewi, na si kwa ubaya, watu wana maisha yao. Kwa hiyo aliwaomba mapema: "Toeni nusu sasa, nusu nyingine mtugawie kidogokidogo kila mwezi." Aliwaeleza wazi itakwenda kwenye mazoezi na dawa, na kila mwisho wa mwezi akawatumia picha ya ukurasa wa daftari. Waliokuwa wametoa waliendelea kutoa, kwa sababu waliona pesa yao imefanya nini.

Na mgonjwa aambiwe. Tulivutana sana juu ya hili. Mama aliona tutamwongezea presha. Lakini baba alikuwa anaelewa kila kitu, ni maneno tu yaliyokuwa hayatoki sawasawa, na kutuona tunanong'ona mlangoni kulimtesa zaidi kuliko tarakimu zozote. Dada alipomsomea hesabu, aliinua mkono wa kushoto akaonyesha chumba alicholazwa, halafu akaonyesha upande wa wodi ya pamoja. Alihamia huko siku hiyohiyo kwa uamuzi wake, akapata na watu wa kuzungumza nao.

Lililobaki ni la anayeuguza. Kwetu alikuwa mdogo wangu wa kike, aliyeacha kazi kwa sababu hajaolewa na hana watoto, na kwa hiyo kila mtu aliona ni jambo la kawaida. Katika nyumba nyingi mzigo huu humwangukia mwanamke, na hakuna kikao kinachokaa kumuuliza. Nalisema kwa uchungu: huo ni mkopo mkubwa kuliko wa benki, na familia huuchukua bila kukiri. Sisi wengine tulikubaliana kumlipa kila mwezi, chini ya mshahara aliouacha lakini kwa tarehe maalumu, bila yeye kuomba. Familia isiyo na uwezo huo impe angalau siku yake kamili kila wiki, mwingine ashike zamu, na imuulize mapema anataka kurudi kazini lini, ili ijue tangu sasa nani atapokea nafasi yake.